Kengele ya Herufi ya Sitini

Fundi alikuwa amechoka uchovu ule usioponywa na usingizi. Si mgongo tu, ingawa mgongo nao ulikuwa na kesi yake. Alikuwa amechoka kuombwa. Miaka kumi na tisa ya kutengeneza kompyuta ilimfundisha kwamba hakuna neno refu duniani kama "nisaidie kidogo tu." Mtu huingia na kidogo chake saa tatu asubuhi, na jua linapozama kidogo bado kiko mezani, kimefunguliwa matumbo, na mwenyewe ameshapiga simu mara nne kuuliza kimefikia wapi.

Kwa hiyo Jumanne ile, alipomwona shangazi yake akivuka barabara huku amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo, hakufurahi. Alijionea aibu kwa kutofurahi, kisha akasogeza mzigo wa nyaya kwenye kiti ili mama mtu mzima apate pa kukaa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Nimechoka tu."

"Kuchoka ni kwa wenye kazi," shangazi alisema, akikifungua kile kitu kwenye taulo. "Mimi yangu naona inaniaga."

Ilikuwa laptopu. Kuukuu, nzito, ya rangi ya majivu, ya zama zile ambazo watu walidhani kitu kizito ndicho kizima. Juu yake shangazi aliweka karatasi moja, mwaliko wa kikao cha kamati ya ushirika wa maziwa, Ijumaa, saa nne asubuhi. Ajenda zilikuwa nane. Ya saba ilikuwa na maneno mawili tu: *Mpiga chapa.*

Mpiga chapa mwenyewe ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti cha nyaya. Miaka thelathini na moja alikuwa akipiga chapa barua na mihutasari ya ushirika ule, na ni kwa kazi hiyo alimlea fundi, mtoto wa kaka yake, tangu mtoto huyo yupo darasa la pili na hana mama. Fundi alijifunza kusoma kwa barua zilizoharibika mashineni. Mpaka leo, akiona maneno "tafadhali rejea" anasikia njaa, kwa sababu shangazi alikuwa hapiki mpaka barua ya mwisho iishe.

Na hakuwa mpiga chapa wa kunakili. Wenzake wa ofisi nyingine waliandika kikao kwa mkono, wakaenda kuchapa baadaye. Yeye alibeba taipureta yake mpaka kikaoni, akachapa watu wakiwa wanasema, macho yake yakiwa kwenye midomo yao. Mstari ukikaribia kuisha, mashine ililia kengele, ting, na msemaji, awe nani, alinyamaza. Shangazi aliinua mkono wa kushoto, akausukuma mkono wa chuma wa ubavuni, roli ya karatasi ikarudi, akaitikia kwa kichwa, msemaji akaendelea. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilikuwa ni mazoea tu, nayo yaliifanya kamati ile kuwa na adabu kuliko kamati zote za mji, maana mtu mwenye hasira akishakatizwa na kengele mara tatu, hasira hupoa.

Miezi minne iliyopita taipureta ilikata roho. Utepe wa wino haukupatikana tena, springi ikakatika, na aliyekuwa akiitengeneza alishazikwa. Mwezi uliofuata akaja katibu mpya.

"Si mtu mbaya," shangazi alisema. "Anataka mihutasari iende kwenye simu za wanachama. Ni haki yake. Akanipa hii, akaniambia, mama, mpaka kikao kijacho uwe umeizoea. Halafu nikamsikia dirishani anamwambia mhasibu: samaki mkunje angali mbichi, huyu ameshakauka."

"Alisema hivyo?"

"Na mhasibu akacheka. Huyo ndiye aliyeniuma."

Fundi aliiwasha laptopu. Ilitafakari dakika saba, ikaonyesha kioo cha bluu, ikazima. Mfumo uliokuwa ndani ulikuwa umeoza, na ule mpya wa kununua ungeikalia mashine hiyo mpaka ikose pumzi. Ilikuwepo njia aliyoitumia kwa wateja tisa kati ya kumi: nakala ya wizi, iliyovunjwa kufuli, inayokaa kwenye flashi nyekundu. Akaitaja, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza.

"Ya wizi?" shangazi aliuliza. "Niandike mihutasari ya watu, imegongwa mhuri, juu ya kitu cha wizi?"

"Watu wote wanatumia, shangazi."

"Basi watu wote waje wanichapie."

Ikabaki mifumo huria, ile ya ukoo wa Linux, ambayo walioitengeneza waliiachia dunia iitumie, iifungue, iigawe, bila kumwomba mtu ruhusa. Fundi aliipenda kwa dhati, ingawa wateja wakisikia haina mwenyewe huikunjia uso. Tatizo la ukoo huo ni kwamba una watoto wengi mno. Ukiuliza upi unamfaa mtu anayeanza, utapewa majibu mia na ugomvi juu yake. Yeye alikuwa na watatu kwenye flashi zake, na kila mmoja alikuwa amempa jina kwa kalamu ya wino mzito. Wa kwanza aliuita Bwana Harusi, kwa jinsi ulivyojipamba. Wa pili aliuita Shemeji, maana haukuwa ule mfumo ambao watu wameuzoea maofisini, ila ulifanana nao sura na tabia, kama ndugu yake. Wa tatu, Mifupa, haukuwa wa mtu yeyote. Ulikuwa maandishi meupe juu ya kioo cheusi, hauna picha wala kitufe. Aliutumia mwenyewe kufufulia mashine zilizokata tamaa.

Alianza na Bwana Harusi. Ukweli usemwe, hakumchagulia shangazi. Alijichagulia mwenyewe. Alitaka ule ambao haungemrudisha mtu dukani Jumatano.

Shangazi alirudi Jumatano.

"Ni mzuri," alisema kwa heshima ya mtu anayesifia nguo ya mwenzake. "Una maua. Lakini nikiandika unaniletea vitu. Nimeandika 'ndugu', ukaniletea pendekezo. Sijauomba."

"Hebu andika nikuone."

Akaandika. Fundi hakuwahi kuona vidole vikienda kasi hivyo dukani kwake, na alikuwa na wateja waliojiita wataalamu. Macho yalikuwa ukutani, mgongo umenyooka, kibodi inanguruma. Kisha, ghafla, mkono wa kushoto ukaruka juu na kukipiga kioo kofi la ubavuni.

Laptopu ikazunguka nusu. Shangazi akaitazama, akairudisha.

"Samahani," alisema.

Akaandika tena. Kofi lingine.

Mkono ulikuwa unatafuta chuma cha kurudishia roli. Miaka thelathini na moja ulikuwa ukikikuta pale, na hakuna aliyeuambia kwamba hakipo. Mazoea yana taabu. Fundi alicheka, shangazi naye akacheka kidogo, lakini baada ya kofi la sita hakuna aliyekuwa anacheka.

Akauondoa Bwana Harusi, akaweka Shemeji. Ilichukua saa mbili, kwa sababu umeme ulikatika katikati na ikabidi aanze upya, na mteja wa printa alikuwa amesimama mlangoni akipumua kwa kelele. Shemeji ulikuwa mtulivu zaidi. Fundi alimwonyesha shangazi kipanya, akamwonyesha karatasi nyeupe ya kuandikia, akakuza maandishi. Alisema yale maneno anayowaambia wote wanaoanza, kwamba usiogope, mashine inajua, wewe andika tu, mistari itajikata yenyewe.

"Itajikata wapi?"

"Popote nafasi ikiisha."

"Nani kaamua?"

"Mashine."

Shangazi akaandika, na kofi la kwanza likaja, na la pili. La kumi na nne lilikuja na nguvu ya hasira, laptopu ikavuka ukingo wa meza, ikaanguka chini kifudifudi.

Fundi alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaizuia. "Shangazi, basi! Labda wakati umefika upumzike tu! Watu wanapumzika!"

Mteja wa printa akatazama viatu vyake.

Shangazi alichukua taulo, akalikunja mara mbili, akalikunja tena, ingawa halikuwa na pa kukunjwa. Fundi alitaka kuomba radhi. Badala yake alichutama kuokota laptopu, kwa kuwa kuchutama kulimpa sehemu ya kuficha uso.

Kona ilipasuka lakini ilikuwa hai. Ili kujua kama diski imepona, alichomeka flashi ya Mifupa, akaiacha iwake yenyewe. Kisha akamshika mkono mteja wa printa, wakatoka naye nje kwenda kuangalia printa yake iliyokuwa kwenye gari. Printa haikuwa na tatizo kubwa. Fundi aliitengeneza polepole kuliko ilivyohitaji. Alisimama pale barabarani akiwa na bisibisi mkononi, amechoka mpaka kwenye meno, akijisemea kwamba amemwambia mama aliyemlea maneno aliyoyasema katibu, tena bila hata ule ustaarabu wa kuyasemea dirishani.

Aliporudi, alisikia kibodi ikinguruma.

Shangazi alikuwa ameinama mbele ya kile kioo cheusi. Mifupa ulikuwa umewaka, ukakaa unapepesa kale kamstari kake ukisubiri amri, na yeye alidhani unamsubiri aandike. Kwa hiyo alikuwa anaandika. Alikuwa anauandika muhtasari wa kikao kilichopita, kutoka kichwani. Kila alipomaliza mstari na kubonyeza Enta, mashine ilimjibu kwa Kizungu kwamba haijui amri hiyo. Kioo kizima kilikuwa hivyo: mstari wa shangazi, jibu la mashine, mstari wa shangazi, jibu la mashine. *Mwenyekiti alifungua kikao saa nne na dakika kumi.* Haijui. *Wajumbe walilalamikia maziwa kuchachuka njiani.* Haijui.

"Huyu mbishi," shangazi alisema bila kugeuka. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyelia akamaliza. "Lakini ananisikiliza."

Fundi hakuwa anatazama maneno. Alikuwa anatazama mkono wa kushoto. Ulifika mwisho wa mstari, ukainuka kidogo, ukasita, ukatulia. Kidole cha kulia kikabonyeza Enta. Hakuna kofi.

"Shangazi, mbona huku hupigi?"

Akafikiri. "Huyu hanikatii mstari. Yule mwingine alikuwa anaamua mwenyewe uishie wapi, sasa mimi ningejuaje nimefika? Mstari ni wangu, mwanangu. Naumaliza mimi."

Fundi alivuta kigoda akakaa. Siku mbili alikuwa akimchagulia mfumo wa mtu asiyejua kitu, picha kubwa, maua, msaada kila upande, na mbele yake alikaa mtu ambaye kazi hii aliijua kuliko yeye anavyojua ya kwake.

"Nisamehe," alisema. "Kwa yale niliyokuambia."

"Ulikuwa umechoka."

"Si sababu."

"Si sababu," shangazi alikubali. "Nimekusamehe hata hivyo. Unaweza kumzuia asinibishie?"

Kumzuia kulikuwa rahisi. Fundi aliuweka Mifupa ndani ya diski moja kwa moja, akaufundisha ukiwaka tu ufungue ukurasa mtupu wa kuandikia, ambao haujibu, haupendekezi wala haukati mstari. Ukibonyeza kitufe kimoja, kikao kinahifadhiwa na kunakiliwa kwenye flashi, tayari kwa simu za watu. Lililobaki lilikuwa ni mkono. Ulikuwa umetulia, lakini bado ulisita, na kusita kunamla mpiga chapa muda.

Alhamisi alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu ya ugonjwa wala sikukuu, akaenda nyumbani kwa shangazi. Taipureta ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa. Aliifungua skrubu za ubavuni mpaka akaiona kengele, kikombe kidogo cha shaba chini ya roli. Akaigonga kwa ncha ya bisibisi huku simu yake ikirekodi. Ting. Shangazi, aliyekuwa jikoni, akaacha sufuria akaja mlangoni.

"Mistari yako ilikuwa herufi ngapi?"

"Sitini na tano. Kengele ililia kwenye ya sitini, ukabaki na tano za kumalizia neno."

Aliiandikia laptopu maagizo machache, mistari kumi na moja tu, na ilimla mchana kutwa kwa sababu akili ilikuwa imechakaa na alikosea mahali pamoja mara nne. Lakini jioni, shangazi alipofikisha herufi ya sitini, laptopu ilisema ting. Mkono wa kushoto haukuinuka. Ulikuwa umesikia ulichokuwa unakisubiri. Wa kulia ukabonyeza Enta, na shangazi akaenda zake mstari unaofuata kama mtu aliyerudishiwa njia yake.

Ijumaa fundi aliruhusiwa kukaa nyuma ya ukumbi kama mtaalamu. Mfukoni alikuwa na flashi ya Shemeji, kwa lolote litakalotokea. Hakuwa na imani. Uchovu hula imani kwanza.

Wajumbe kumi na mmoja walikaa kuzunguka meza ndefu yenye alama za vikombe. Katibu hakuwepo, gari la maziwa liliharibika njiani akalazimika kwenda. Mwenyekiti, mzee mnene mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira, alifungua kikao. Hakufika mbali. Ting. Akanyamaza katikati ya neno, mdomo wazi, bila kujijua. Wajumbe wakageuka kumtazama shangazi. Yeye akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akaendelea, na mjumbe mmoja bibi akajipangusa jicho kwa kidole, akisingizia vumbi.

Ajenda sita zilikwenda hivyo. Maziwa yaliyochachuka, kufuli ya ghala, mjumbe aliyetaka kugombana akakatizwa na kengele mara tatu akasahau alichokuwa anataka. Fundi alihesabu mistari mpaka akashindwa.

Katibu aliingia ajenda ya sita ikiisha, ana mafuta ya gari kwenye mkono wa shati, anahema. Aliomba radhi, akakaa upande wa pili wa meza, ambako laptopu aliiona mgongo tu. Pengine alidhani imewekwa pale kwa heshima, kama kitambaa cha meza. Hakuitazama mara ya pili. Alitoa karatasi aliyoiandaa, na mwenyekiti, akitazama chini, akasema: "Ajenda ya saba."

Vidole vya shangazi vikapiga kichwa cha ajenda, vikangoja. Fundi aliona mabega yake yamenyooka, akajua kwamba atachapa chochote kitakachosemwa, hata hiki, neno kwa neno, kwa sababu hakuwahi katika miaka thelathini na moja kuacha la mtu. Akatamani kusimama na kupiga kelele. Hakusimama.

Katibu alisafisha koo, akaanza kusoma.

"Kwa kuwa mpiga chapa wetu hawezi kutumia kompyuta, napendekeza—"

Ting.

Mwenyekiti aliinua kiganja. Hakufanya kusudi, mkono ulijiendea wenyewe, kama ilivyokuwa mikono yote katika kamati ile. Katibu akanyamaza, akatazama huku na huku kutafuta simu ya nani imelia. Hakuna aliyechukua simu. Wajumbe wote kumi na mmoja walikuwa wamegeuka upande mmoja, wanangoja.

Shangazi alibonyeza Enta. Kisha akainua macho, akamtazama katibu kwa upole, jinsi anavyomtazama msemaji yeyote ambaye hataki neno lake lipotee.

"'Kwa kuwa mpiga chapa wetu hawezi kutumia kompyuta, napendekeza,'" alimsomea kutoka kwenye kioo. "Nimefika hapo, katibu. Unapendekeza nini?"

Katibu aliitazama laptopu. Akaitazama karatasi yake. Masikio yalimwiva. Nje, mtu alikuwa anashusha makopo ya maziwa, na kila kopo lilisikika.

"Niondolee hiyo sentensi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Siondoi la mtu, mwanangu. Lakini naweza kuandika kwamba umeifuta."

Akaandika hivyo. Huko nyuma fundi aliinamisha kichwa mikononi, na waliomwona walidhani amelala.